Jina la Ulingoni kama Bidhaa: Upokezi wa Filamu ya Watu Wazima Iliyouzwa kwa Kivuli cha Rocky

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi filamu moja ya watu wazima iliyotengenezwa New York mwaka 1970, The Party at Kitty and Stud's, ilivyogeuka kuwa filamu ya "ndondi" machoni pa watazamaji, ilhali haina bondia wala pambano ndani yake. Mabadiliko hayo yaliletwa na jina. Baada ya filamu ya Rocky (1976) kumpandisha Sylvester Stallone kuwa nyota, wasambazaji waliirejesha sokoni filamu hiyo ya awali kwa anwani mpya ya Italian Stallion, yaani jina la ulingoni la mhusika Rocky Balboa. Kwa kuongozwa na dhana ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss na dhana ya parateksti ya Gérard Genette, makala yanaonesha kuwa upokezi wa filamu hii ulijengwa nje ya matini yenyewe. Aidha, makala yanabainisha kwamba hila iliyotumiwa na wasambazaji tayari ilikuwa imesawiriwa ndani ya Rocky. Hoja ya msingi ni kuwa ridhaa ya mwigizaji kuhusu mwili wake haikuwa ridhaa kuhusu jina lake, na kwamba uhakiki wa upokezi usipotenganisha mambo hayo mawili huishia kumhukumu mtu badala ya kuichambua filamu.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inachukulia kwamba bidhaa na sifa yake ni kitu kimoja: ubora ukiwepo, sifa hufuata, ubora ukikosekana, mwenye bidhaa hana budi kuzunguka nayo. Historia ya filamu inaonesha njia ya tatu ambayo methali haikuitaja, nayo ni ya kibaya kuazima jina la chema na kukaa nacho kwenye rafu moja.

Filamu inayochunguzwa hapa ni mfano ulio wazi wa njia hiyo. Ilipotengenezwa mwaka 1970 ilikuwa filamu ya gharama ndogo ya kuonesha uchi na kuigiza ngono, mojawapo kati ya nyingi za aina yake katika jiji la New York. Iliongozwa na Morton Lewis. Mwigizaji wake mkuu wa kiume, Sylvester Stallone, alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka 1946 na asiyejulikana. Lau angebaki hivyo, hapana shaka kwamba filamu ingesahaulika. Haikusahaulika kwa sababu miaka sita baadaye kijana huyo aliandika na kuigiza filamu kuhusu bondia maskini wa Philadelphia.

Swali linaloshughulikiwa ni hili: mtazamaji aliyelipa kiingilio ili kuiona Italian Stallion alikuwa akipokea nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba alidanganywa. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo halitoshi, kwa kuwa linaacha kando namna udanganyifu wenyewe ulivyofanya kazi na ni nani aliyeulipia gharama.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alipendekeza kwamba historia ya fasihi iandikwe kwa kuzingatia msomaji. Kwa mujibu wake, hakuna kazi inayopokelewa katika ombwe. Msomaji huijia akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya kazi alizozisoma awali, kanuni za utanzu anazozifahamu, na tajiriba yake ya maisha. Kazi huweza kuutimiza upeo huo, kuukiuka au kuubadilisha. Ingawa Jauss aliizungumzia fasihi, dhana yake hufaa katika filamu, kwani mtazamaji naye huingia ukumbini akiwa tayari amekwisha kuanza kuitazama filamu akilini mwake.

Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, anaeleza kile kinachomtayarisha mpokeaji kabla hajaifikia matini. Anwani, jina la mtunzi, jalada, dibaji na matangazo huitwa parateksti. Jina la kitabu chenyewe humaanisha vizingiti. Parateksti ni kizingiti cha nyumba: si ndani wala si nje, lakini hakuna aingiaye bila ya kukivuka. Katika filamu, kizingiti hicho huwa bango, kionjo, jina la nyota na anwani.

Dhana hizi mbili zinakamilishana. Parateksti ndiyo nyenzo. Upeo wa matarajio ndio mahali nyenzo hiyo inapofanyia kazi. Anayetaka kubadilisha upokezi wa filamu bila kuibadilisha filamu yenyewe hana pengine pa kuanzia isipokuwa kizingitini.

3.0 Filamu ya Mwaka 1970 na Soko Lake

Ili kuielewa filamu hii ni vema kulitazama soko lililoizaa. Tarehe 1 Novemba 1968 tasnia ya filamu ya Marekani ilianzisha mfumo wa kuainisha filamu kwa kuzingatia umri wa watazamaji. Daraja la juu kabisa la makatazo lilikuwa X. Tofauti na madaraja mengine, alama hii haikusajiliwa kama alama ya biashara, na hivyo mtayarishaji yeyote aliweza kuibandika kwenye filamu yake. Mwanzoni X haikumaanisha filamu ya ngono. Midnight Cowboy, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa na daraja hilo na bado ilitunukiwa Oscar ya filamu bora. Hata hivyo, katika miaka michache tu, majumba ya sinema ya mitaa kama 42 jijini New York yaliitumia X kama tangazo. Alama iliyokusudiwa kumzuia mtazamaji ikawa ya kumwita.

The Party at Kitty and Stud's ilitengenezwa katika mazingira hayo. Kisa chake ni chepesi: Kitty na Stud ni wapenzi wanaoishi pamoja mjini, wanawaalika wageni kwenye karamu nyumbani kwao, karamu inageuka kuwa ya ngono. Ngono inayooneshwa ni ya kuigiza. Filamu ilitangulia wimbi la filamu za ngono halisi lililoshika kasi baada ya Deep Throat ya mwaka 1972, na kwa vipimo vya wimbi hilo ilikuwa imepitwa na wakati mapema.

Kuhusu jinsi alivyoingia katika filamu hiyo, Stallone mwenyewe alieleza katika mahojiano na jarida la Playboy mwaka 1978. Alikuwa ametolewa katika nyumba aliyokuwa akiishi na alikuwa amelala kwa siku kadhaa katika kituo kikuu cha mabasi cha New York. Alilipwa dola 200 kwa kazi ya siku mbili. Kwa maelezo yake, chaguo jingine lililokuwa mbele yake lilikuwa ni kumwibia mtu. Maelezo haya yalitolewa na mtu aliyekwisha kuwa tajiri na mwenye sababu ya kujitetea, kwa hiyo mhakiki anapaswa kuyasoma kwa tahadhari. Hata hivyo, hayatoi picha ya mtu aliyeona haya kwa kuuonesha mwili wake. Yanatoa picha ya mtu aliyeuza kazi ya siku mbili kwa sababu ya njaa.

4.0 Rocky na Siasa ya Jina la Ulingoni

Tarehe 24 Machi 1975, huko Richfield, Ohio, Muhammad Ali alitetea ubingwa wake wa dunia dhidi ya Chuck Wepner, bondia ambaye wengi hawakumpa nafasi. Wepner alisimama hadi raundi ya 15, na refa alisimamisha pambano zikiwa zimesalia sekunde chache tu. Stallone alilitazama pambano hilo kisha akaandika mswada wa Rocky. Alikubali kuuza mswada kwa watayarishaji Robert Chartoff na Irwin Winkler kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aigize nafasi ya Rocky. Filamu iliongozwa na John G. Avildsen kwa bajeti ya takribani dola milioni 1. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 1976, ikaongoza kwa mapato miongoni mwa filamu za mwaka huo nchini Marekani, na mwaka 1977 ikatunukiwa Oscar tatu, ikiwemo ya filamu bora.

Upokezi wake wa kihakiki haukuwa wa sauti moja. Roger Ebert aliisifu na kumlinganisha Stallone na Marlon Brando wa ujanani, ilhali Vincent Canby wa New York Times hakuvutiwa. Lakini kwa mada ya makala haya, jambo lenye uzito zaidi ni tukio moja ndani ya kisa chenyewe.

Bingwa Apollo Creed anampoteza mpinzani wake kwa jeraha wiki chache kabla ya pambano lililopangwa kufanyika Philadelphia katika mwaka wa kuadhimisha miaka 200 ya taifa la Marekani. Hakuna bondia mwenye hadhi aliye tayari kwa muda mfupi hivyo. Apollo anachukua kitabu chenye orodha ya mabondia wa mjini na kuanza kukipekua. Hatazami rekodi ya ushindi. Anatafuta jina. Anapolikuta jina la Italian Stallion, yaani Farasi Dume wa Kiitaliano, anasimama hapo hapo, kwa sababu anajua kwamba vyombo vya habari vitalipenda. Baadaye Rocky anapoulizwa na waandishi alilipata wapi jina hilo, anajibu kwamba alilitunga miaka minane nyuma wakati anakula chakula cha usiku. Jina ambalo kwa mwenyewe lilikuwa mzaha wa mezani, kwa promota ni mtaji.

Tukio hili lina uchungu wake kwa sababu limetanguliwa na jingine. Mwanzoni mwa filamu, Rocky anashinda pambano katika ukumbi duni, na malipo yake yanakatwa mbele ya macho yake: makato ya kabati na mtunza kona, ya bafu na taulo, na ya kodi. Anaondoka na takribani dola 40. Mwili uliopigwa una bei ndogo. Jina lililotungwa mezani lina bei kubwa. Filamu nzima inaweza kusomwa kama juhudi ya Rocky ya kuurejeshea mwili wake thamani ambayo jina limeupora. Ndiyo maana lengo lake si kushinda. Lengo lake ni kumaliza raundi zote akiwa amesimama, ili ajue mwenyewe yeye ni nani. Anapopoteza kwa pointi, hasikilizi matokeo, anamwita Adrian.

5.0 Jina Linapovuka Kutoka Filamu Moja hadi Nyingine

5.1 Kutoka Stud hadi Stallion

Wasambazaji wa filamu ya mwaka 1970 walifanya kile ambacho Apollo alikifanya. Walipekua orodha ya kazi zilizokwisha kusahaulika, wakakuta jina lenye soko, na wakaliweka kwenye bango. Wepesi wa badiliko hilo ulisaidiwa na lugha. Neno stud katika Kiingereza humaanisha farasi dume afugwaye kwa ajili ya kuzalisha, na katika lugha ya mtaani humaanisha mwanamume mwenye sifa za urijali. Stallion nalo ni farasi dume asiyehasiwa. Mhusika wa filamu ya watu wazima na bondia wa Philadelphia walikuwa tayari katika zizi moja la kisemantiki. Kilichohitajika ni kuongeza neno moja linalotaja asili, na jina la ulingoni likaingia katika filamu ya chumbani.

Wepesi huu unafichua jambo kuhusu Rocky pia. Jina la ulingoni la Rocky lilikuwa na maana ya kingono tangu mwanzo, lakini kisa cha bondia mpole, mwenye haya mbele ya Adrian, kiliifunika maana hiyo kwa kejeli. Wasambazaji waliiondoa kejeli na kuiacha maana ya juu. Waliyasoma maneno mawili ya Rocky kwa namna ambayo filamu yenyewe ilikataa yasomwe.

5.2 Upeo Uliokiukwa

Kwa mtazamo wa Jauss, mtazamaji aliyevutwa na anwani mpya aliingia na pea mbili za matarajio. Ya kwanza yalitokana na Rocky: ulingo, mazoezi, nyota anayefahamika. Ya pili yalitokana na soko la filamu za watu wazima la nusu ya pili ya miaka ya 1970, ambapo ngono halisi ilikuwa ya kawaida. Filamu haikutimiza hata moja. Haina pambano, na ngono yake ni ya kuigiza. Kilichobaki ni uso wa Stallone kabla hajawa Stallone.

Hapa ndipo jibu la udanganyifu linapoonekana kutotosheleza. Laiti mtazamaji angekuwa anatafuta ndondi tu, au ngono tu, filamu ingekufa mara ya pili. Badala yake iliendelea kuuzwa kwa anwani ya Italian Stallion katika enzi ya kanda za video na baadaye DVD. Hii inaashiria kwamba bidhaa halisi ilikuwa tofauti na zote mbili: ilikuwa fursa ya kumwona mtu aliyepanda akiwa bado yuko chini. Mtazamaji alikuwa analipia umbali kati ya mwili wa mwaka 1970 na jina la mwaka 1976. Kwa hiyo, upeo wa tatu wa matarajio ulizaliwa, nao haukuhusu utanzu wowote wa filamu. Ulihusu aibu ya mtu mwingine.

5.3 Uvumi kama Sehemu ya Upokezi

Ushahidi wa upeo huo wa tatu ni uvumi uliodumu kwa miongo kadhaa kwamba kulikuwa na nakala ya awali yenye ngono halisi. Uvumi huo ulikuja kupata hata bidhaa yake: ilisambazwa nakala iliyodaiwa kuwa ndiyo kamili, na uchunguzi ukaonesha kuwa matukio ya ngono halisi yalikuwa yamepachikwa na hayakumhusu Stallone. Yaani, pale matini iliposhindwa kulingana na parateksti, matini ndiyo iliyokatwa na kushonwa upya. Kwa kawaida uhakiki huchukulia kwamba anwani huifuata filamu. Katika kisa hiki filamu ililazimishwa kuifuata anwani.

6.0 Mwili, Jina na Umiliki

Mjadala wa upokezi wa filamu hii umekuwa na mielekeo miwili. Mwelekeo wa kwanza humcheka mwigizaji. Wa pili humtetea kwa hoja ya umaskini. Mielekeo yote miwili inachukulia kwamba jambo la kujadiliwa ni kitendo cha mwaka 1970. Makala haya yanaona kuwa mizani hiyo imewekwa mahali pasipostahili.

Mwaka 1970 Stallone aliridhia kuigiza kwa malipo yaliyokubaliwa. Ridhaa hiyo ilihusu mwili wake, katika kisa fulani, kwa anwani fulani, akiwa mtu asiyejulikana. Haikuhusu Rocky Balboa, ambaye hakuwa amebuniwa. Mtu hawezi kuridhia matumizi ya kitu ambacho bado hakipo. Hata hivyo, haki ya kuisambaza filamu haikuwa mikononi mwa aliyeonekana ndani yake; ilikuwa mikononi mwa walioimiliki. Kutokana na hilo, dola 200 zilinunua siku mbili za kazi pamoja na madai ya kudumu juu ya maisha yote yatakayofuata.

Suala hili halihusu filamu za ngono pekee, kama mambo mawili yanavyothibitisha. Kwanza, mwaka 2019 Stallone alilieleza jarida la Variety kwamba hana sehemu yoyote ya umiliki wa Rocky, ingawa aliiandika na kuiigiza. Filamu iliyomfedhehesha na filamu iliyompa heshima zinafanana katika hilo: zote zina uso wake, na hakuna iliyo mali yake. Pili, mwaka 2003 Chuck Wepner alimshtaki Stallone akidai kwamba jina lake lilitumiwa kuitangaza Rocky na mfululizo wake bila ya yeye kulipwa. Shauri hilo lilimalizwa mwaka 2006 kwa maafikiano nje ya mahakama. Bondia aliyepigwa raundi 15 na Ali alikuwa anadai kile kile ambacho mwigizaji wa The Party at Kitty and Stud's angeweza kukidai: kwamba mwili wake na jina lake viligeuzwa kuwa kisa chenye faida kwa wengine.

Kwa hiyo, mpaka kati ya filamu inayoheshimika na filamu ya watu wazima, ambao upokezi huuchukulia kuwa imara, ni dhaifu unapotazamwa kwa upande wa anayefanya kazi kwa mwili. Bondia na mwigizaji wa filamu ya ngono wote hulipwa kwa kitendo cha muda mfupi, na wote huacha nyuma picha ambayo wengine wataiuza kwa muda mrefu. Tofauti iliyopo ni kwamba jamii humpigia makofi mmoja na kumwonea haya mwenzake, na msambazaji hupata faida kwa makofi na kwa haya vilevile.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba Italian Stallion ni filamu ya ndondi katika kiwango cha parateksti pekee, na kwamba kiwango hicho ndicho kilichoamua upokezi wake. Imebainika pia kuwa mbinu ya kuchagua mtu kwa jina badala ya kwa kazi yake ilikuwa imesawiriwa katika Rocky kabla ya kutumiwa dhidi ya mwandishi wake. Kwa upande wa nadharia, kisa hiki kinaonesha haja ya kuipanua dhana ya upeo wa matarajio ili ijumuishe matarajio yasiyohusu utanzu bali maisha ya mwigizaji, kwani hayo ndiyo yaliyoiweka hai filamu ambayo haikutimiza matarajio mengine yoyote.

Kwa watafiti wa filamu, matokeo haya yana maana ya kimbinu. Filamu inaporejeshwa sokoni kwa anwani mpya, haitoshi kuorodhesha anwani zote mbili kana kwamba ni visawe. Kila anwani hujenga watazamaji wake, na pengine huwa na mhasiriwa wake. Kwa mintarafu hiyo, anayechunguza upokezi hana budi kuuliza, pamoja na maswali yake mengine, iwapo mtu anayeonekana kwenye picha aliwahi kulikubali jina ambalo picha hiyo inauzwa kwalo.